Nyeusi na nyeupe nyumbani: namna ya kupamba bila kupoteza pesa wala afya

Mtu anayetembea ku avenyu za Goma, kuanzia Birere mpaka Katindo, ao kutoka Majengo kwenda Keshero, anaona kitu kimoja haraka: nyumba nyingi na viambaza vingi vimejengwa kwa mawe meusi, na katikati ya mawe kunapita mistari myeupe. Siku hizi rangi hizo mbili zimeingia hata ndani: ukuta mweupe, viti vyeusi, rido ya mistari, karo nyeusi na nyeupe chini. Ni mapambo yanayopendeza, tena yanaweza kupatikana kwa bei ndogo.

Lakini kuna wakaaji wanaotafuta ile nyeusi mu mafuta ya vidanje ao mu mapile ya radio, na ile nyeupe mu chokaa wanayokoroga kwa mikono mitupu. Hapo ndipo urembo unaleta ugonjwa, ao moto. Habari hii inaeleza rangi hizi mbili zinatoka wapi kwetu, zinafanya kazi gani ndani ya nyumba, na namna gani mtu wa pesa kidogo anaweza kuzitumia bila hatari.

Jiwe jeusi limetoka mlimani

Goma imekaa chini ya volkano Nyiragongo, mlima wenye urefu wa metre karibu 3.470. Mlima huo ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, kiisha tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava iliingia katikati ya mji, ikafunika sehemu moja ya uwanja wa ndege, ikafika mpaka ziwa Kivu. Mwaka 2021 ilisimama upande wa Buhene, pembeni ya mji, kiisha kumeza nyumba nyingi za vijiji.

Lava ikipoa inakuwa jiwe gumu, jeusi juu ya madini ya chuma yaliyomo ndani. Wakaaji walipasua jiwe hilo kwa nyundo, wakaanza kujengea. Leo linabebwa na chukudu ao na lori, linatumika kwa misingi, kwa ngazi, kwa kiambaza cha parseli. Lava iliyochoma nyumba za watu ndiyo iliyowapa mawe ya kujengea zingine.

Na ule mstari mweupe je? Fundi masoni anapanga mawe, anajaza sima katikati, kiisha anasawazisha mstari na kuupaka rangi nyeupe ao chokaa. Macho yanapenda, lakini kazi kubwa ya mstari ni kufunga njia: mvua isipenye, panya na wadudu wasipate pa kukaa. Kwa hiyo mstari uliopasuka hauponi kwa rangi. Ni lazima sima ya zamani itolewe, ipya iwekwe, ikauke, ndipo pinso ipite. Anayepaka nyeupe juu ya ufa amejificha tatizo yeye mwenyewe, na mvua italifichua.

Mapambo haya si ya jana

Wengine wanafikiri nyeusi na nyeupe ni mtindo uliokuja na simu na magazeti ya Ulaya. Si hivyo. Huko Haut-Uélé, Wamangbetu walijulikana zamani kwa nyumba zenye kuta zilizochorwa, mistari na pembe tatu za nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Katika msitu wa Ituri, wanawake Wambuti wanachora juu ya kitambaa cha gome la mti kwa wino mweusi wa maji ya matunda uliochanganywa na unga wa makala. Upande wa Kasai, Wakuba wanafuma vitambaa vya rafia vyenye michoro ya nyeusi juu ya rangi ya majani makavu. Na kwa majirani wa Rwanda, wanawake wa mashariki ya nchi wanatengeneza imigongo: mavi ya ngombe na majivu yanapakwa ukutani ao ku ubao, yakikauka yanatiwa nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Katika kazi hizi, rangi zilitoka karibu: makala, majivu, udongo mweupe, maji ya matunda. Hakuna aliyengojea kontena kutoka ngambo. Na kitambaa kimoja cha rafia ao cha gome, kikitundikwa ku ukuta mweupe, kinapamba saloni kuliko picha ya plastiki ya maporomoko ambayo hakuna mtu nyumbani amekwisha kuona.

Nyeupe inaleta mwangaza

Rangi nyeupe safi inarudisha sehemu kubwa ya mwangaza unaoipiga, hata 80 kwa 100. Nyeusi inameza karibu mwangaza wote. Hesabu hii ina maana kubwa kwa nyumba za mbao zenye dirisha moja dogo, na kwa familia inayotumia taa moja ya jua kwa sababu umeme hauko ao umekatika. Taa ile ile, mu chumba chenye kuta na plafo nyeupe, inatosha mtoto kusoma daftari yake. Mu chumba cha mbao nyeusi za moshi, mtoto anakaribisha daftari ku mshumaa, na mshumaa unakaribia rido.

Kwa hiyo, kama pesa inatosha sehemu moja tu, fundi aanze na plafo, kiisha ukuta unaotazamana na dirisha. Ndipo zingine zifuate.

Nyumba nyingi za mbao hazina plafo. Watu wanatundika shitingi nyeupe ao magunia yaliyoshonwa pamoja. Inaleta mwangaza na inazuia vumbi, lakini plastiki inashika moto kwa dakika moja, na inadondoka ikiwaka. Mahali palipo plafo ya namna hiyo, mshumaa na mbabula visikae chini yake.

Joto nalo lina neno lake. Uvira, Kalemie na miji mingine ya ziwa Tanganyika iko chini, karibu metre 770 juu ya bahari, na jua ni kali. Huko, kupaka nyeupe mabati, ao manjanja kama wengi wanavyosema, na ukuta unaopigwa na jua la mangaribi, kunapunguza joto ndani. Goma iko karibu metre 1.500, usiku ni baridi, na jiwe jeusi nje halisumbui mtu. Mapambo yaliyopendeza Goma si lazima yafae Uvira.

Nyeusi iwekwe wapi?

Kosa ambalo linaonekana mara mingi ni kugawanya nusu kwa nusu. Nyeusi ina nguvu: ikiwa nusu ya chumba, chumba kinaonekana kidogo na cha huzuni. Mafundi wengi wanafuata kanuni rahisi: sehemu 3 nyeupe, sehemu 1 nyeusi. Na hiyo sehemu moja iende mahali ambapo kuna kazi ya kufanya.

Mahali pa kwanza ni chini ya ukuta, kuanzia sakafu mpaka sentimetre 60 hivi. Mjini Goma vumbi la volkano ni jeusi, na mvua ikipiga inarusha matope ku ukuta. Mstari mweusi chini unaficha alama hizo, na mwenye nyumba hapaki rangi kila mwaka. Butembo, Beni na Bukavu udongo ni mwekundu, matope yataonekana hata juu ya nyeusi. Pale rangi ya mafuta inayosafishwa kwa kitambaa ni bora kuliko rangi ya maji.

Mahali pa pili ni milango na mbao za madirisha, ambapo mikono inagusa kila siku. Mahali pa tatu ni vitu vinavyohama: meza, viti, fremu za picha, mito ya viti. Uzuri wa kuweka nyeusi ku vitu vinavyohama ni kwamba familia ikichoka, ao ikihamishwa na vita, inabeba mapambo yake.

Kuhusu vitambaa, mama wa nyumba wanajua hesabu ambayo maduka hayasemi: kitambaa cheupe kinakunywa maji na sabuni. Mahali ambapo bidoni ya maji inatoka mbali ao inauzwa, vile vitambaa vyeupe vya krosheti juu ya kila kiti ni mzigo kwa msichana anayefua. Viti vivalishwe nyeusi ao kitenge cheusi na cheupe, na krosheti nyeupe ibaki ku meza moja, pale wageni wanaiona na mtoto hafikii.

Kidogo cha rangi ya tatu kinasaidia chumba kisionekane kama ofisi: mbao yenyewe bila rangi, kikapu, ao ua ndani ya kopo.

Hesabu kabla ya kwenda ku duka

Litre 1 ya rangi kwa kawaida inapaka metre za mraba 8 mpaka 10, mara moja. Tuchukue chumba cha metre 3 kwa 3, chenye urefu wa metre 2 na nusu. Kuta 4 zinaleta metre za mraba 30. Toa mlango na dirisha, karibu 3, zinabaki 27.

Mstari mweusi wa sentimetre 60 chini unachukua metre za mraba 6 na nusu hivi. Nyeupe inabaki na 20 na nusu. Kila rangi ipakwe mara 2: nyeusi ni metre za mraba 13, nyeupe ni 41. Kwa hiyo litre 1 na nusu ya nyeusi na litre 5 za nyeupe zinatosha. Ukuta wa mbao usiosawazishwa ao wa briki mpya utakunywa zaidi. Anayejua hesabu hii, fundi hawezi kumuagiza ndoo ya litre 20 kwa chumba kimoja.

Chokaa: rahisi lakini inachoma

Kwa ukuta wa udongo, wa briki, wa mawe ao wa sima ambao haujapakwa rangi ya mafuta, chokaa ni nyeupe ya zamani na ya bei ndogo. Inatoka ku jiwe linalochomwa kwa moto mkali, karibu digri 900. Ikipakwa inakauka polepole kwa kuvuta hewa, inageuka tena kama jiwe. Tena ukungu haupendi chokaa, na hiyo ni faida kwa nyumba zenye unyevu.

Namna ya kupaka ni hii. Chokaa iliyokwisha kuzimwa inakorogwa na maji mpaka iwe kama maziwa, inachujwa kwa kitambaa, inatiwa mkono mmoja wa chumvi ili ishike vizuri. Ukuta unapigwa brashi kutoa vumbi, kiisha unaloweshwa maji. Inapakwa nyembamba mara 2 ao 3, siku moja katikati. Ikiwa mbichi inaonekana kama maji tu; wengi wanafikiri imeharibika, wanaongeza na kuongeza. Wangojee. Ikikauka ndipo inakuwa nyeupe. Aliyepaka nene sana ataona inabanduka kama magamba.

Hatari yake iko mahali 2. Chokaa ambayo haijazimwa, ikikutana na maji, inachemka yenyewe na kuruka. Ile ni kazi ya fundi anayeijua: chokaa inatiwa ndani ya maji kidogo kidogo, si maji juu ya chokaa, nje ya nyumba, mu chombo cha chuma, watoto mbali. Na hata ile iliyozimwa inachoma ngozi na macho. Anayepaka plafo avae miwani, glovu na mikono mirefu. Ikiingia mu jicho, lioshwe palepale kwa maji safi mengi, dakika 15 ao zaidi, kiisha mgonjwa apelekwe ku hospitali bila kungojea kesho. Jicho linaweza kupotea kwa siku moja.

Nyeusi ambazo hazifai

Watu wenye nyumba za mbao wanapenda kupaka mafuta ya vidanje, yaani mafuta ya motere yaliyokwisha kutumika. Yanapatikana bure ao kwa pesa kidogo ku garaji, yanafanya mbao iwe nyeusi na yanafukuza mchwa. Lakini mafuta hayo yamebeba madini mazito na vitu vinavyoweza kuleta kansa. Yanaingia kwa ngozi ya mtoto anayeegemea ukuta, yanateremka na mvua, yanafika mu tanki ao mu shimo la maji ambalo familia inachota.

Jambo la pili ni moto. Mu mitaa ya mbao iliyobanana, kama vile Kadutu mjini Bukavu na sehemu nyingi za Goma, moto ukianza ku nyumba moja unaruka ku zingine kabla ya maji kufika. Mbao iliyolowa mafuta inausaidia. Kama ni lazima kulinda miguu ya nyumba dhidi ya mchwa, njia bora ni kusimamisha mbao juu ya msingi wa mawe ao sima, isiguse udongo. Hapo tena jiwe jeusi la Goma linafanya kazi yake bila sumu.

Wengine wanapasua mapile ya radio na tochi, wanatoa ule unga mweusi, wanauchanganya na maji ao gundi. Ndiyo nyeusi iliyopakwa mara mingi ku ubao wa masomo ao ku sakafu. Unga huo una manganezi. Vumbi lake, likivutwa muda mrefu, linaharibu mishipa ya fahamu. Anayesugua sakafu ya namna hiyo kila asubuhi ndiye anayevuta vumbi, na mara nyingi ni mtoto wa kike.

Kwa kuta za ndani kuna njia salama zaidi: unga wa makala uliosagwa laini sana, uchujwe, uchanganywe na udongo laini na gundi ya unga wa muhogo uliopikwa. Kazi ya kusaga ifanywe nje, pua na mdomo vimefungwa kitambaa. Haivumilii mvua, lakini kwa michoro ya saloni inatosha. Kwa nje na kwa milango, rangi ya duka ndiyo inayodumu.

Rangi ya duka nayo inaulizwa maswali

Rangi za mafuta za zamani, hata nyeupe, ziliwekwa madini ya risasi, na zingine zinazouzwa duniani bado zinayo. Shirika la afya duniani, OMS, linasema hakuna kipimo cha risasi ndani ya damu ambacho ni salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi: inapunguza akili yake, na iliyokwisha kuharibika hairudi. Mnunuzi asome ku kopo kama imeandikwa kwamba haina plomb. Rangi ya zamani inayobanduka isikwanguliwe ikiwa kavu. Iloweshwe maji kwanza, mabaki yaokotwe na kutupwa mbali, watoto na mama mwenye mimba wasiwe ndani.

Rangi ya mafuta ikichanganywa na esansi, mbabula na sigara vizimwe, madirisha yafunguliwe. Familia isilale ndani mpaka harufu iishe.

Mpangaji na bayeri

Swali lingine ni la pesa: mpangaji akipaka nyumba, nani analipa? Mara mingi mpangaji anapamba, na miezi 6 baadaye bayeri anaongeza kodi kwa sababu nyumba imekuwa nzuri, ao anakata garanti akisema ile nyeusi imeharibu ukuta. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba za kukaa inasema garanti isipite kodi ya miezi 3. Inaomba pia hali ya nyumba iandikwe mpangaji anapoingia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua rangi, wawili hao waandike karatasi moja: vyumba gani vitapakwa, rangi gani, nani analipa, na kama pesa itakatwa ku kodi. Wote waweke sahihi, kila mtu abaki na kopi. Picha za simu zipigwe kabla na kiisha kazi. Mpangaji asiye na ruhusa abaki na nyeusi ya viti, rido na fremu. Ukuta auachie bayeri.

Je, nyeusi si rangi ya matanga?

Swali hili linaulizwa mu familia nyingi, hasa wazee wakitembelea. Ni kweli kwamba kwetu mjane anavaa nyeusi. Lakini nyeupe nayo si ya furaha peke yake: kwa Waluba, udongo mweupe unaoitwa pemba ni wa baraka na wa mizimu pia. Rangi inapata maana yake mahali inapotumika. Hata hivyo, nyumba ni ya watu wote wanaolala ndani. Ikiwa mama mkwe hawezi kukaa kwa amani mbele ya ukuta mweusi, ukuta huo upakwe nyeupe, na nyeusi ibaki ku miguu ya meza. Hakuna atakayepoteza kitu.

Kwa anayeanza na pesa kidogo, mpango ni huu: mwezi wa kwanza aoshe moshi ku kuta na kuziba nyufa, wa pili apake plafo na ukuta mmoja nyeupe, wa tatu aweke mstari mweusi chini na ku mlango, vitambaa vije mwisho. Na mbabula itoke nje tangu siku ya kwanza. Moshi wake unarudisha weusi ku ukuta, na ile hewa ya makala isiyoonekana inaua watu waliolala, hata mu nyumba iliyopambwa vizuri.